Njia Pana ya Kushoto: uchambuzi wa kisa cha giya iliyokatika bondeni

Kwenye kilomita ya 36.6 ya mzunguko wa kilomita 76, hanga ya baiskeli ya mwenzangu, kile kipande kidogo kinachoshikilia giya ya nyuma kwenye fremu, ilikatika. Ukitaka ripoti ya mstari mmoja, ndiyo hiyo: tope liliingia kwenye giya, giya ikanasa, kipande kikavunjika. Ndivyo tulivyowasimulia watu wiki ile nzima. Tangu hapo nimekirudia kisa hiki mara nyingi, ramani mkononi, kipande chenyewe mezani, na rekodi ya mwendo wetu dakika kwa dakika. Sasa naamini kwamba hanga ile ilivunjika dakika 48 kabla ya kukatika, pale njia panda, na aliyeivunja ni mimi.

Tulikuwa wawili, wote na baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama za mashindano ya lami lakini tairi zake ni pana na giya zake nyepesi. Tairi zangu ni za milimita 40. Zake ni za 47, ndani ya fremu ambayo mtengenezaji anaruhusu mwisho 50. Alizichagua kwa ajili ya mizizi ya msituni na mawe ya kule juu, na kwa kazi hiyo hakukosea. Kwenye tope, pengo la milimita chache kati ya tairi na fremu ni jambo jingine, nami nitalifikia.

Mzunguko wenyewe ulikuwa na sehemu tatu: kilomita 20 za changarawe ngumu kwenye mgongo wa vilima, 21 bondeni kando ya mto, na 35 za kupanda na kuzunguka msituni hadi tulikoanzia. Kwa wastani wa kilomita 18 kwa saa tungemaliza kwa muda wa saa 4 na robo. Mvua kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia siku tuliyopanga, tukaahirisha. Jua likawaka siku nzima. Kesho yake tukaondoka tukijipongeza kwa subira.

Sehemu ya kwanza haina cha kusimulia. Changarawe ilikuwa imeshikana vizuri kwa unyevu, vumbi hakuna, na mteremko wa kuingia bondeni ulikuwa ule wa kumfanya mtu acheke peke yake. Tulifika njia panda ya kilomita 34 dakika chache kabla ya kutimiza saa 2 barabarani, sawasawa na hesabu.

Hapo njia ziligawanyika, na zingekutana tena kwenye kilomita ya 41. Ya kulia ilikuwa kijia chembamba chini ya miti, kikifuata ukingo wa mto na mapindo yake yote, kilomita 8.1. Ya kushoto ilikuwa njia pana ya matrekta, imenyooka kama rula, kilomita 7, ikikata uwanda tambarare karibu nusu kilomita kutoka mtoni. Kwenye picha ya setilaiti ilionekana nyeupe na safi. Mwenzangu alielekea kulia. Nikamwita.

"Kaka, hiyo ni njia ya mbuzi. Tupite kushoto, mbali na maji ni pakavu."

Akasimama, akaitazama, akageuza baiskeli. "Wewe ndiye mwenye ramani."

Sentensi yangu ile ilikuwa na makosa mawili ndani yake, na yote mawili ni ya kawaida kiasi kwamba nina hakika hatukuwa wa kwanza kuyafanya.

Kosa la kwanza ni la mto. Mto unapofurika na kuvuka kingo zake, maji yanapunguza kasi ghafla mara tu yanapotoka kwenye mkondo. Maji ya kasi hubeba mchanga. Yakipungua kasi huudondosha kwanza mchanga huo mzito, palepale ukingoni. Chembe ndogo kabisa, zile za mfinyanzi, huendelea kuelea mpaka mahali ambapo maji yamelala kabisa, mbali na mkondo, na huko ndiko zinakotua. Furiko baada ya furiko, mto hujijengea tuta la asili kandokando yake, la mchanga, lililoinuka kidogo, linalopitisha maji haraka. Nyuma ya tuta hilo kunabaki uwanda wa chini kidogo wenye mfinyanzi mzito, ambao maji hayana njia ya kutoka isipokuwa kwenda juu, kwa jua. Kwa hiyo kwenye bonde pana lenye mto unaojipinda, mita chache kutoka majini mara nyingi ni pakavu kuliko mita mia tano. Wale waliopita kijia cha ukingoni miaka yote kwa miguu hawakukichagua kwa ajili ya mandhari.

Kuna maelezo zaidi ambayo mwendesha baiskeli wa mabondeni anapaswa kuwa nayo kichwani. Kwenye pindo la mto, upande wa ndani maji ni ya polepole na hutandaza mchanga. Upande wa nje ni ya kasi na hula ukingo. Njia inayofuata mto hukupa basi mchanga laini kwenye pindo la ndani, ambako unahitaji giya nyepesi na mikono iliyolegea, na kwenye pindo la nje inakupa mizizi, mawe na ukingo uliobomoka, ambako unahitaji breki. Ukishalijua hilo, ramani inakueleza njia itakuwaje kabla hujaifika. Mimi niliitumia kupima urefu tu.

Kosa la pili ni la kusubiri siku moja. Mwaka 1911 mwanasayansi wa Sweden, Albert Atterberg, alieleza hali ambazo udongo wa mfinyanzi hupitia kadiri maji yanavyopungua: kwanza hutiririka kama uji, halafu hufinyangika, halafu hupasuka na kumeguka. Mipaka kati ya hali hizo bado inaitwa kwa jina lake, na wahandisi wa barabara huipima hadi leo. Katika hali ya uji tope huruka kutoka kwenye tairi. Unachafuka mpaka masikioni lakini magurudumu yanazunguka. Katika hali ya kumeguka unapita kama kwenye sakafu. Hatari iko katikati, pale mfinyanzi unapokuwa na maji ya kutosha kuushikamanisha lakini yasiyotosha kuuteleza. Siku moja ya jua baada ya mvua kubwa inaupeleka hasa hapo katikati. Laiti tungeondoka siku ileile ya mvua, naamini tungepita tukiwa tumelowa na hanga nzima. Laiti tungesubiri siku nne, tungepita tukipiga mluzi. Tulichagua siku mbaya kuliko zote na tukaiita busara.

Kipimo cha mpaka ule wa chini hakihitaji maabara. Unachukua kibonge cha udongo, unakisokota kati ya viganja mpaka kiwe uzi. Ukiweza kuufikisha wembamba wa milimita 3 hivi, unene wa kijiti cha kiberiti, na bado haujakatika, udongo huo unafinyangika, na utafinyangika vilevile kwenye fremu yako. Kazi ya nusu dakika. Na hata bila kusokota, pale njia panda palikuwa na dalili za kutosha: kushoto kulikuwa na mafunjo kwenye mitaro, mimea isiyoota pakavu, na nyayo za ng'ombe zilizozama kina cha kiganja, kuta zake laini zikimeta. Niliziona. Nilidhani zinanieleza juu ya ng'ombe.

Mita mia nane za kwanza zilikuwa nzuri kiasi cha kutuponza. Ngozi ya juu ilikuwa imekauka, na ni ngozi hiyohiyo iliyong'aa nyeupe kwenye picha ya setilaiti. Kisha ikaanza kutoboka. Tairi linabandua kipande cha juu, linakutana na tope la chini, linalibeba, linazunguka nalo, linaokota nyasi kavu, linarudi kuokota tope jingine. Yeyote aliyewahi kukanda udongo wa kufyatulia matofali anajua kwa nini huchanganywa na majani: ndiyo yanayoushika usipasuke. Tulikuwa tunafyatua matofali kwenye uma wa mbele.

Hapa ndipo zile milimita zinaporudi. Mimi nilikuwa na nafasi kidogo zaidi kwenye fremu, tope likawa linajikwangua lenyewe na kuanguka kwa mapande. Yeye hakuwa nayo. Kila hatua mia gurudumu lake la nyuma lilisimama kabisa, akashuka, akachokonoa kwa kijiti, akapanda. Inasaidia kukumbuka kwamba kwenye mbio za baiskeli za matopeni, zile za majira ya baridi, kanuni za shirikisho la kimataifa zinaweka kikomo cha tairi kuwa milimita 33, na bado waendeshaji huwa na baiskeli ya pili inayooshwa kando wakati wanaendesha ya kwanza, wakibadilishana kila inapochafuka. Upana wa tairi ni rafiki wa mawe na mchanga. Kwenye mfinyanzi unaonata ni uso mkubwa zaidi wa kubeba mzigo.

Tulifanya pia jambo moja la kijinga ambalo wakati ule lilionekana la kitaalamu: tulipunguza upepo. Kwenye mchanga hiyo ndiyo dawa, maana tairi linajitandaza na kuelea. Kwenye tope hili tulijiongezea eneo la kunatia.

Kilomita 2.6 zilituchukua dakika 48. Ni mwendo wa kilomita 3 na ushei kwa saa, yaani polepole kuliko mtu anayetembea bila baiskeli. Rekodi inanionyesha jambo ambalo wakati ule sikulihisi: kila mita mia mbili ilichukua muda mrefu kuliko zilizotangulia. Sisi tulikuwa tunahesabu kilomita zilizobaki mpaka njia zikutane, nne na ushei, na namba hiyo ilikuwa inapungua, kwa hiyo tuliona tunaendelea. Muda wa kufika, lau tungeuhesabu, ulikuwa unaongezeka. Baada ya dakika 15 za tope tulikuwa tayari na taarifa zote za kutufanya tugeuke.

Sasa nije kwenye nusu mzunguko wa pedeli ulioikata hanga. Alikuwa amesimama kwenye pedeli, giya nyepesi, gurudumu likizunguka kwa shida. Anasema mguu ulisikia kitu "kama kutafuna kokoto," na kwamba alijua. Akakanyaga mara moja zaidi, amalizie kutoka kwenye korongo dogo.

Kilichotokea kinaelezeka vizuri. Kibadilisha giya cha nyuma kina vigurudumu viwili vidogo ambavyo cheni hupita ikielekea kwenye kaseti, lile rundo la magurudumu ya meno (sproketi) la gurudumu la nyuma. Vikijaa tope na nyasi, cheni haipiti. Lakini kaseti bado inavuta, na kama cheni haipiti, kinachovutwa ni kibadilisha giya chenyewe: kinapelekwa nyuma na juu, kikizungushwa kufuata kaseti, mpaka kinaingia kwenye spoki. Nguvu yake si ndogo. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye pedeli ya mkono wa milimita 170, na sproketi ya mbele ina meno 40, mvuto wa cheni unafika takribani mara mbili ya uzito wa mwili wake. Kibadilisha giya kimeshikwa kwenye fremu na hanga, kipande cha alumini kinachotosha kiganjani, kilichotengenezwa kiwe dhaifu kwa makusudi ili kivunjike chenyewe fremu ipone. Kinafanya kazi ya fyuzi. Ile yake ilikatika kama biskuti, na spoki moja ikapata mkwaruzo.

Kwenye mashindano ya Unbound Gravel ya mwaka 2023, katika vilima vya Flint Hills jimboni Kansas, mvua iligeuza kipande cha njia, mapema tu baada ya kuanza, kuwa tope la aina hii, na waendeshaji wengi mbio zao ziliishia hapo kwa kukatika hivihivi. Miongoni mwa waliopona ni wale waliobeba baiskeli begani kabla hazijajaa, na baadhi walikuja na vibao bapa vya kukorogea rangi, vya kukwangulia tope. Nilikuwa nimesoma habari hizo. Nilizisoma kama habari za mashindano.

Hanga ya akiba ana. Iko kwenye droo nyumbani. Tangu 2019 kampuni ya SRAM ilipotoa hanga ya umbo moja inayoruhusiwa kutumiwa na watengenezaji wote wa fremu, baiskeli nyingi mpya zinatumia hiyohiyo, na kuna mifumo ya karibuni isiyo na hanga kabisa. Ila fremu yake ni ya zamani kidogo, ya enzi ambayo karibu kila fremu ilikuwa na umbo lake, hivyo hata angempata mtu mwenye ya kuazima isingekaa. Sehemu ya uzito wa gramu chache, isiyo na mbadala njiani, na ameiacha kwa sababu, kwa maneno yake, "haijawahi kuvunjika."

Tulichofanya baada ya hapo kwa kiasi kikubwa kilikuwa sahihi, na nakieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi wana kifaa cha kukatia cheni mfukoni na hawajawahi kukitumia. Kwanza tulibeba baiskeli pembeni, mahali penye nyasi, tukasafisha kabla ya kugusa kitu. Cheni yenye tope huwezi kuihesabu. Tukafungua waya wa giya, tukaondoa kibadilisha giya, tukakifunga kwenye begi la fremu. Halafu ukaja uchaguzi: cheni ipite kwenye sproketi ipi ya nyuma, maana itakuwa hiyohiyo mpaka nyumbani. Tulijaribu ndogo kwanza kwa tamaa ya mwendo. Cheni ikalegea, ikaanguka baada ya mita kumi. Tukakata kiungo kingine na kuipeleka ya juu yake. Ikakaza, kisha yenyewe ikapanda sproketi kubwa zaidi na kukaza kama uzi wa gitaa, pedeli zikagoma. Hii ndiyo hila ya kaseti za kisasa: meno yake yamechongwa ili cheni ipande kwa urahisi, nayo haijui kwamba leo hutaki ipande. Dawa ni kuchagua sproketi iliyo mkabala kabisa na ya mbele, cheni ikae mstari mmoja bila kwenda kombo, na kuiacha na ulegevu kidogo tu. Ya tatu ilikaa, meno 24. Kwa 40 mbele, kila mzunguko wa pedeli ulimsogeza mita 3.7 hivi, kwa mizunguko 60 kwa dakika ni kama kilomita 13 kwa saa. Kazi yote ilitumia dakika 55, na labda 30 kati yake zilikuwa za sproketi mbili za kwanza.

Uamuzi uliofuata ndio pekee siku ile ninaojivunia, na haukuwa wangu. Mbele kulikuwa na kilomita 4.4 za tope lisilojulikana. Nyuma 2.6 tulizozijua. Mimi nilitaka mbele, kwa hoja ileile kwamba tumeshafika mbali. Mwenzangu akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye cheni, "Tunarudi. Na tunabeba." Tulitembea kando ya njia, kwenye nyasi, baiskeli begani, dakika 50. Kutembea pembeni kulikuwa na faida nyingine ambayo hatukuitafuta: njia ya mfinyanzi ikipitwa na magurudumu ikiwa laini hubaki na makorongo, makorongo hushika maji ya mvua inayofuata, na njia huharibika zaidi. Ndiyo maana wenye misitu na mashamba sehemu nyingi hufunga njia baada ya mvua. Sisi tulikuwa tumeshaichora kilomita 2.6 wakati wa kwenda.

Kisha tukaingia kijia cha mbuzi. Chini ya tairi: mchanga uliobanana, majani makavu, huku na kule kidimbwi cha kuruka. Tulikwenda kilomita 8.1 kwa dakika 47, mmoja wetu akiwa na giya moja, bila kushuka zaidi ya mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa kwenye vijito vinavyoingia mtoni, ambako njia hushuka ghafla na kupanda ghafla. Nilimfuata nyuma kimya. Palikuwa pazuri mno, na uzuri wake uliniudhi.

Msitu ulituchukua zaidi ya saa 3. Kwenye miinuko alisukuma. Kwenye tambarare alizungusha miguu kama cherehani. Saa za mchana zilikuwa zinakwisha, na bondeni na chini ya miti giza huwahi kuingia kuliko ilivyoandikwa kwenye kalenda. Mizizi iliyolowa haikuonekana mpaka gurudumu liko juu yake, na mzizi uliolowa huvukwa kwa kuukata kwa pembe mraba, bila breki, la sivyo unakulaza. Dari la matawi liliichanganya setilaiti pia, mstari wa mahali tulipo ukawa unarukaruka pande mbili za njia. Taa tulikuwa nazo kwa sababu yeye huzifunga hata mchana, na koti la upepo kila mmoja. Bila vitu hivyo viwili kisa hiki kingekuwa na sura nyingine. Tulifika baada ya muda wa saa 8 na nusu hivi, mara mbili ya mpango.

Nikigawa lawama kwa dakika, hanga iliyokatika inabeba zile 55 za ukarabati na pengine saa moja ya mwendo wa giya moja. Dakika 48 za kwenda na 50 za kurudi ni za njia panda, na hanga nayo isingekatika kwenye mchanga wa ukingoni. Lile kosa la droo ni la mwenzangu, nimemwachia. Kosa la kukanyaga mara ya mwisho nasita kulihesabu. Mtu aliyechoka, mita tatu kutoka kwenye nyasi, sijui nani asingekanyaga.

Tulirudi baada ya majuma matatu bila mvua, safari hii na hanga ya akiba imefungwa kwa mkanda chini ya kiti. Pale njia panda nilishuka, nikachukua kibonge cha udongo upande wa kushoto nikakisokota. Kikameguka kuwa unga kabla hakijawa hata unene wa kidole. Tukapita kushoto, ngumu kama saruji, kilomita 7 kwa dakika 19. Makorongo yetu yalikuwa bado yapo, yamekaukia vilevile, mawili sambamba, na kwenye kilomita ya 36.6 moja lilikuwa limeishia ghafla. Pembeni yake, kuelekea kwenye nyasi, nyayo za watu wawili, kina chake kama cha wale ng'ombe.